Jumapili mjini: Kwa nini maduka mengi hufungwa, na mnunuzi wa kutoka Ipole ajipange vipi

Kwa mkulima wa Ipole, Jumapili mara nyingi ndiyo siku yenye nafasi. Shamba linaweza kungoja, watoto hawaendi shule, na wa kubaki na mifugo anapatikana. Kwa hiyo wengi huiona ndiyo siku ya kwenda mjini kununua mbegu, mabati, spea ya pikipiki au betri ya sola. Lakini wakifika Sikonge au Tabora hukuta milango mingi ya maduka imeshushwa. Nauli imekwenda, chakula cha njiani kimeliwa, na kitu walichokifuata kiko nyuma ya kufuli.

Wasikilizaji wetu huuliza: ni nani aliyeamuru maduka yafungwe Jumapili? Je, ni sheria, ni dini, au ni uamuzi wa wenye maduka tu? Katika makala haya tunaeleza desturi hii ilikotoka, sheria ya Tanzania inasema nini, vitu gani hupatikana siku hiyo na vipi havipatikani, na jinsi ya kupanga safari usirudi mikono mitupu.

Je, kuna sheria inayokataza kuuza Jumapili?

Jibu fupi ni hapana. Tanzania haina sheria ya nchi nzima inayomtaka mwenye duka afunge kwa sababu ni Jumapili. Katiba yetu inatamka kuwa nchi haina dini, ingawa kila mtu ana uhuru wa kuabudu. Leseni ya biashara, inayotolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, humruhusu mtu kufanya biashara fulani mahali fulani. Haimpangii siku ya ibada.

Hata hivyo, yapo mambo matatu yanayogusa saa na siku za biashara, na watu huyachanganya na hili la Jumapili.

La kwanza ni vileo. Baa na vilabu vya pombe vina saa zake za kufungua na kufunga chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Masharti hayo yanahusu pombe, si sukari wala misumari.

La pili ni usafi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya usafi wa mazingira. Katika miji mingi wenye maduka huagizwa wasifungue mpaka usafi umalizike, mara nyingi saa 4 asubuhi. Mtu aliyehamisha safari yake kutoka Jumapili kwenda Jumamosi anaweza kuikuta siku hiyo bila kujua.

La tatu ni sheria ya kazi. Hiyo haifungi duka, bali inampa mfanyakazi wa duka siku ya kupumzika. Tutaieleza zaidi mbele, kwa sababu ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Jumapili ilifikaje Unyamwezi?

Tuanze na majina yenyewe. Kiswahili hakihesabu siku kuanzia Jumapili wala Jumatatu. Kinahesabu kuanzia Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa Waislamu. Siku inayofuata ni ya kwanza, Jumamosi, yaani mosi. Baada yake ni ya pili, Jumapili. Hivyo kwa hesabu ya lugha yetu, Jumapili ni siku ya pili tu katikati ya kazi. Hakuna mapumziko ndani ya jina hilo. Wakatoliki wengi husema Dominika, na hapo ndipo maana ya siku ya Bwana inapoonekana.

Hesabu hiyo ilikuja huku na biashara ya misafara. Katika karne ya 19, njia kuu kutoka Bagamoyo ilifika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani, na nguo, shanga na waya zikaletwa bara. Tabora ilikuwa kituo cha kupumzika, kuajiri wapagazi na kununua chakula. Kusini mwake, upande wetu huu, zilipita njia za kwenda Ugunda na Ukonongo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alizungukia huku akielekea Ujiji, kwa sababu vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya moja kwa moja.

Wafanyabiashara wa Kiislamu walikuwa na Ijumaa yao. Lakini kwa mpagazi mwenye mzigo begani, siku ya kununua iliamuliwa na tumbo na maji. Msafara ulisimama penye kijiji chenye nafaka, ukanunua posho, ukaendelea. Kabla ya kuingia pori refu kama Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, ilikuwa lazima kununua posho ya kutosha, kwa sababu mbele hakukuwa na wa kumuuzia. Siku ilikuwa Ijumaa au Jumapili, hilo halikubadili kitu. Kilichohitajika ni kujua mapema ni wapi na lini utapata cha kununua. Shida ya msafiri wa leo wa Jumapili ni ileile.

Jumapili kama siku ya mapumziko ililetwa na wamisionari. Mapadri Weupe walifika Tabora katika miaka ya 1870 na 1880. Chama cha Wamisionari cha London kilianza kazi kwa Mirambo, Urambo, mwaka 1879. Mwaka 1898 kazi hiyo ya Urambo ilichukuliwa na Wamoravian, ambao makao yao ni Herrnhut, Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamoravian walienea kusini hadi eneo la Sikonge, na mpaka leo Kanisa la Moravian lina mizizi mirefu huku. Kengele ya Jumapili ilisimamisha jembe asubuhi kabla haijafunga duka lolote, maana maduka yenyewe yalikuwa machache.

Serikali ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, iliifanya Jumapili kuwa siku ambayo ofisi hazifanyi kazi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mji ulizidi kuwa na ofisi, maghala na maduka ya jumla. Yote hayo yalifuata kalenda ya ofisi. Baada ya uhuru kalenda hiyo haikubadilishwa. Ndiyo maana leo Mwislamu mwenye duka Tabora anaweza kusitisha biashara saa ya swala ya Ijumaa, kisha akafunga pia Jumapili. Msabato naye hufunga Jumamosi, halafu Jumapili akifungua anakuta wenzake wamefunga.

Kwa nini hata asiyekwenda kanisani hufunga?

Wengi hudhani duka limefungwa kwa sababu mwenyewe yuko ibadani. Kwa baadhi ni kweli, nao hufungua mchana baada ya ibada. Lakini sababu kubwa ni kwamba biashara ni mnyororo. Pete moja ikikatika, nyingine hazivuti.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Mwenyewe anaweza kufungua Jumapili. Lakini ghala analochukulia saruji na mabati limefungwa, hivyo akiishiwa hawezi kujaza. Benki imefungwa, na mauzo ya siku nzima yatalala dukani au nyumbani, jambo ambalo ni hatari. Mhasibu wake yuko mapumzikoni. Wateja wake wakubwa, yaani wakandarasi, shule na ofisi, hawanunui siku hiyo. Akijumlisha yote, anaona ni heri apumzike.

Mnyororo huohuo unamgusa wakala wa fedha za simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na huduma hizi hazijui Jumapili, kwani simu hutuma na kupokea siku zote. Lakini wakala anahitaji vitu viwili: floti kwenye simu na pesa taslimu mkononi. Wateja wengi wakitoa pesa siku moja, taslimu humwishia na floti hubaki nyingi. Siku ya kazi angekwenda benki au kwa wakala mkuu kubadilisha. Jumapili anakwama. Ndiyo sababu unaambiwa “pesa hakuna” ukiwa na salio lako kamili kwenye simu. Wakala hajakunyima. Yeye mwenyewe hana pa kuchota.

Nini hupatikana, nini hakipatikani?

Hali hutofautiana mji kwa mji, lakini kwa kawaida mambo huwa hivi.

Hupatikana: mboga, matunda, samaki, nyama na nafaka za kupimiwa sokoni. Mama lishe na migahawa hufanya kazi, hasa karibu na stendi. Maduka ya rejareja ya mtaani, yale ya sukari, sabuni na vocha, mengi hufungua japo kwa kuchelewa. Mitumba na bidhaa za wamachinga hupatikana. Vituo vya mafuta na mabasi hufanya kazi. Mafundi wa pikipiki wapo, lakini spea isiyo ya kawaida inaweza kuwa imefungiwa dukani.

Ni vigumu kupata: bidhaa za jumla, vifaa vya ujenzi, spea za mashine na magari, vipuri vya pampu, vifaa vya sola vyenye dhamana, na pembejeo za kilimo na mifugo.

Hazifanyi kazi: ofisi za serikali, posta na matawi mengi ya benki. Mashine za kutolea fedha hubaki wazi, ila zikiisha pesa inaweza kuwa mpaka Jumatatu zijazwe.

Minada na magulio ni jambo la pekee. Hayo hayafuati kalenda ya ofisi. Kila eneo lina siku yake, na siku hizo hupangwa zisigongane ili wafanyabiashara wahame kutoka mnada mmoja kwenda mwingine. Ikiwa siku ya mnada ni Jumapili, basi Jumapili ndiyo siku kubwa ya biashara kuliko zote za wiki. Uliza siku ya mnada ulio karibu nawe kwa mtendaji wa kijiji au kata. Lakini ukienda kuuza au kununua ng'ombe, kumbuka kuwa kibali cha kusafirisha mifugo hutolewa na mtaalamu wa mifugo, na ofisi yake huenda isiwe wazi Jumapili. Mtafute kabla.

Hatari ya kununua kwa haraka

Aliyetoka mbali akakuta duka limefungwa huwa mnunuzi mwepesi. Hataki kurudi bure. Hapo ndipo anapouziwa mbegu zilizofunguliwa, dawa ya wadudu iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, au betri isiyo na risiti. Hasara ya nauli ni ya siku moja. Hasara ya mbegu isiyoota ni ya msimu mzima.

Mbegu iliyothibitishwa huuzwa katika pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kiuatilifu halali huwa kwenye chombo chake chenye lebo inayosomeka, na kimesajiliwa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Kama muuzaji hana pakiti hiyo wala risiti, ni afadhali urudi mikono mitupu. Risiti ndiyo ushahidi wako ukirudi kulalamika, na huwezi kulalamika kwa mtu aliyetandika turubai Jumapili na asiyekuwepo Jumatatu.

Dawa za binadamu zinahitaji mpango zaidi. Maduka ya dawa mengine hufunga Jumapili au hufungua saa chache. Mgonjwa wa dharura apelekwe hospitali au kituo cha afya, ambako huduma za dharura zipo siku zote, asizungushwe kutafuta duka lililo wazi. Na mwenye dawa za kila siku, kama za presha, kisukari au za kufubaza virusi vya UKIMWI, azifuate siku kadhaa kabla hazijaisha, katika siku za kazi za kliniki yake. Asingoje kidonge cha mwisho kimkute Jumamosi jioni.

Na yule anayeuza dukani, haki yake ni ipi?

Wakulima wengi wangependa maduka yafunguliwe Jumapili. Ni hoja yenye haki ndani yake. Lakini nyuma ya kaunta kuna kijana, mara nyingi aliyetoka kijijini kama wewe, ambaye hiyo ndiyo siku yake moja ya kufua nguo, kusali, kulala au kuwapigia wazazi simu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inasema hivi kwa ufupi:

Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi 6 kwa wiki.

Kila wiki mfanyakazi apate mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo, kati ya siku yake ya mwisho ya kazi katika wiki na siku ya kwanza ya wiki inayofuata.

Akifanya kazi katika mapumziko hayo, alipwe mara 2 ya mshahara wake wa msingi wa saa, kwa kila saa aliyofanya kazi.

Tuchukue mfano. Tuseme mshahara wako wa msingi ni sawa na shilingi 1,000 kwa saa, na siku yako ya mapumziko ni Jumapili. Mwajiri akakuomba ufanye kazi saa 8 siku hiyo. Malipo yako ya siku hiyo ni shilingi 16,000, si 8,000.

Angalia kwamba sheria haikutaja Jumapili. Mwenye duka anaweza kukubaliana na mfanyakazi wake kuwa mapumziko yawe Jumanne au Ijumaa, na duka likabaki wazi wiki nzima kwa zamu. Hilo ni halali. Lisilo halali ni kumweka mtu mmoja dukani siku 7, mwezi hadi mwezi, kwa maneno kwamba “kazi ya duka ni kukaa tu.” Kukaa dukani ni kazi. Anayenyimwa haki hiyo azungumze kwanza na mwajiri, na wasipoelewana apeleke malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asikawie, kwa sababu malalamiko yana muda wa mwisho wa kupokelewa.

Wenzetu nje wanafanyaje?

Huko Ujerumani walikotoka wale Wamoravian, maduka mengi bado hufungwa Jumapili, tena kwa sheria. Ulinzi wa siku hiyo uliandikwa katika katiba ya mwaka 1919, ukahamishiwa katika katiba ya 1949. Mwaka 2009 mahakama ya katiba ililiambia jiji la Berlin kuwa limekosea kuruhusu maduka yafunguliwe Jumapili zote 4 za kuelekea Krismasi. Vituo vya mafuta na maduka ya stesheni za treni huruhusiwa kuuza. Maduka ya dawa hupokezana zamu, na lililofungwa hubandika mlangoni tangazo la kueleza lipi lina zamu siku hiyo. Mwafrika Mashariki anayehamia huko hujifunza upesi kununua unga na maziwa Jumamosi.

Uingereza na Wales walichukua njia ya kati. Kwa sheria ya mwaka 1994, duka dogo hufungua litakavyo, lakini duka kubwa linaruhusiwa saa 6 tu siku ya Jumapili, kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni.

Na mzizi wa yote ni wa zamani zaidi. Mwaka 321, Kaisari Konstantino wa Roma aliamuru mahakimu na watu wa mijini wapumzike Jumapili na karakana zifungwe. Wakulima hakuwafunga. Aliwaruhusu waendelee na kazi, kwa kuwa siku njema ya kupanda ikipita haingojei mtu. Tangu mwanzo, basi, Jumapili ya mjini na Jumapili ya shambani hazikuwa sawa.

Kabla ya kupanda basi

Sikonge iko kama kilometa 70 kutoka Tabora, na Ipole iko kusini zaidi, pale njia zinapogawana kwenda Mpanda na kwenda Rungwa hadi Mbeya. Tunashauri haya:

1. Chukua namba ya simu ya kila duka unalonunua. Piga siku moja kabla na uulize mambo mawili: je, mtafungua, na je, kitu ninachotaka kipo?

2. Kama lazima uende Jumapili, zungumza na mwenye duka akupokee saa maalumu baada ya ibada. Wengi hukubali wakijua mteja anakuja kweli.

3. Toa pesa taslimu Ijumaa au Jumamosi, kidogo kidogo, au hakikisha muuzaji anapokea malipo kwa simu.

4. Unganeni watu kadhaa wa kijiji, mmoja aende siku ya kazi na orodha ya wote. Nauli moja itagawanywa, na bei ya jumla mtaipata. Mwenye kutumwa arudi na risiti ya kila mtu.

5. Pembejeo zinunuliwe mapema, kabla mvua haijakaribia. Siku mvua inaponyesha, kila mtu yuko njiani kwenda duka lilelile.

6. Ukihamishia safari Jumamosi, angalia isiwe ya mwisho wa mwezi. Ikiwa ndiyo, panga kufika baada ya saa 4 asubuhi.

7. Ukimkuta muuzaji dukani Jumapili, usimgombeze kwa kuchelewa kufungua. Huenda ametoa siku yake ya mapumziko ili wewe usirudi bure.